Walisema Kaskazini

Kila asubuhi Tinaai aliamshwa na wimbo wa baba yake. Teweia hakuwa na sauti nzuri, na mwenyewe alijua, lakini mgema wa kwetu hapandi mnazi kimya. Huimba akiwa kileleni ili walio chini wajue kuna mtu juu. Kwa hiyo kijiji kizima kiliamka pamoja na Tinaai, kipende kisipende.

"Huyo baba yako anawafukuza samaki mpaka Tarawa," mama yake alisema, akimkabidhi ufagio.

Tinaai alikuwa na miaka kumi na miwili. Alifagia majani ya mshelisheli uani, akawapa nguruwe machicha ya nazi, akabandika wali, kisha akavaa sare ya shule. Babu yake, Mzee Nakibae, alikuwa ameketi barazani akisokota kamba ya makumbi juu ya paja, kama alivyofanya kila siku tangu miguu ilipomkataza kwenda baharini. Alisokota na kuamuru. Hakuna aliyefanya jambo nyumbani pale bila kumtazama usoni kwanza.

Kisiwa chetu, Nikunau, ni ukanda mwembamba wa mchanga na minazi. Wenzetu wa visiwa vingine wana maji matulivu yaliyozungukwa na nchi kavu, ambamo hata kikongwe huweza kuvua. Sisi hatuna. Ukivuka mwamba tu, umo katika bahari kuu, na mbele yako hakuna ng'ambo. Ndiyo maana kila ukoo una elimu yake ya bahari, na kila ukoo huificha elimu hiyo kuliko unavyoficha aibu zake.

Ukoo wa Mzee Nakibae ulikuwa na Mkeka. Huo si mkeka wa kulalia. Ni mahali baharini, mbali mno, ambapo minazi ya kisiwa imekwisha kuzama machoni na mtu haoni ila maji na mbingu. Hapo bahari hulala laini hata upepo ukivuma, na ndege weupe hawakosekani juu yake. Chini kuna jodari wanene. Njia ya kwenda huko haikuandikwa popote. Wake walioolewa katika ukoo hawakuambiwa, na hata mama yake Tinaai hakuijua. Lakini Teweia hakujaliwa mtoto mwingine, hivyo mzee alimfundisha mjukuu wake wa kike, akimkalisha chini na kumfumba macho.

"Wimbi la mashariki linakupiga wapi?" mzee aliuliza.

"Takoni, Babu."

"Tako lipi?"

"La kushoto, mpaka minazi izame."

"Likikupiga la kulia?"

"Nimepotea."

"Na ukimwambia mtu wa nje?"

"Nimeuuza ukoo."

"Haya, nenda ukacheze."

Hivyo ndivyo Tinaai alivyoijua njia ya kwenda kusini-magharibi kabla hajajua vizuri hesabu za sehemu.

Sasa, mashua ya Teweia ilihitaji watu wawili, na ukoo haukuwa na kijana mwingine wa kiume. Akamchukua Kaure, kijana wa jirani, kaka yake Akineti. Akineti alikuwa rafiki wa Tinaai wa kukaa naye dawati moja. Kaure alikuwa na nguvu, mcheshi, na mke wake Mwaerere alikuwa mjamzito wa mimba ya kwanza. Lakini hakuwa wa ukoo. Kwa hiyo mzee aliweka sharti: mashua ikivuka mwamba, Kaure aketi akitazama nyuma, hivyo hivyo hadi wafike, ili asiisome njia. Teweia alishika usukani, Kaure akakaa mbele yake wakitazamana, kama watu wawili wanaocheza karata.

Kijiji kizima kilimcheka Kaure kwa jambo hilo, na yeye alicheka kuliko wote.

Jumatatu moja asubuhi mashua ilisukumwa majini. Tinaai na Akineti walisukuma pamoja na watu wazima, maji yakiwafika kiunoni. Baraniko, askari pekee wa upande wetu, alikuwa amesimama ufukweni akipiga mswaki.

"Teweia! Wapi leo?" alipaza sauti.

Kwetu mvuvi haulizwi aendako. Akiulizwa huongopa, muulizaji hujua anaongopewa, na wote hucheka. Ni mchezo wa zamani.

"Kaskazini!" Teweia alijibu.

"Kaskazini kwa nani?"

"Kwa shemeji zangu!" Kaure alidakia. "Wamechinja nguruwe, wewe hukualikwa!"

Watu wakaangua kicheko. Akineti akamwita kaka yake, "Kaure, ukirudi utuambie umeona nini!"

"Nitawaambia nilikotoka! Hicho tu ndicho ninachokiona!" Akageuza uso na kuonyesha shavu lake la kulia. "Tazameni hili lilivyoungua na jua la asubuhi. Hili jingine bichi kabisa. Mwaerere anasema ameolewa na wanaume wawili!"

Mwaerere akajifunika uso kwa aibu na kicheko. Mashua ikaruka wimbi la mwamba, ikaenda. Hiyo ndiyo mara ya mwisho Kaure kutuchekesha.

Jioni hawakurudi. Usiku vijana waliwasha majani makavu ya minazi ufukweni, moto mrefu kabisa. Asubuhi bahari ilikuwa tupu. Baraniko akapiga redio Tarawa, makao makuu ya serikali, na kabla wiki haijafika katikati meli ya doria ilikuwa imetumwa, na ndege ya kutafuta waliopotea imekuja kutoka nchi za mbali za kusini. Hatuna cha kuwalaumu watu wale. Walikwenda walikoambiwa.

Baraniko alikuja barazani kwa Mzee Nakibae. Safari hii hakuwa na mswaki mdomoni, alikuwa amevaa kofia yake ya kazi.

"Mzee wangu, leo si utani," alisema. "Walikwenda wapi?"

Mzee alisokota kamba. "Kaskazini. Si walisema?"

"Walisema. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

"Kaskazini."

Tinaai alikuwa akikoroga uji kando. Mwiko ulisimama. Babu yake hakumtazama, lakini alikohoa, na Tinaai alikifahamu kikohozi kile. Mwiko ukaendelea kuzunguka. Baraniko alishukuru, akaondoka. Muda mfupi baadaye ndege ilipita juu ya paa, ikaelekea kaskazini.

Mama alipokwenda kanisani kuomba, Tinaai akasogea karibu na mzee.

"Babu, wamekwenda Mkekani."

"Najua walikokwenda."

"Ndege imekwenda kaskazini."

"Nina macho, mtoto."

"Sasa watawaonaje?"

Mzee aliiweka kamba chini. "Sikiliza. Baba yako hapotei. Nimemfundisha mimi. Mashine ikifa atatweka tanga, upepo ukigeuka utamwona anaingia hapa anaimba ule wimbo wake mbaya. Lakini meli ile ina watu, na ndege ile ina watu. Wakiliona lile dimbwi la jodari leo, kesho zitakuja meli kubwa za kigeni na nyavu za kuzunguka kijiji kizima. Wewe utakula nini? Watoto wako watakula nini?"

"Na upepo usipogeuka?"

"Usitie mdomo mbaya! Maneno ya ukoo yanakaa tumboni mwa ukoo. Umesikia?"

"Nimesikia, Babu."

Alimpenda babu yake, alimwogopa, na alimwamini. Mambo hayo matatu yakikutana katika kifua cha mtoto, mdomo haufunguki kwa urahisi. Akaenda kulisha nguruwe.

Siku zikapita, na kila siku ilikuwa ndege ile ile. Asubuhi iliruka kwenda kaskazini, alasiri ikarudi. Watoto walitoka darasani mbio kuitazama, kisha wakarudi kuketi bila mwalimu kuwaambia. Mwaerere hakuingia ndani tena. Aliketi ufukweni na tumbo lake, akitazama upande wa kaskazini, kwa sababu huko ndiko walikosema. Tinaai alimpelekea chakula mara mbili. Mara zote mbili Mwaerere alimshukuru, na shukrani hiyo ilimchoma Tinaai vibaya sana.

Alhamisi ya wiki ya pili Tinaai alimkuta Akineti kisimani. Akineti alikuwa ameshika kamba ya ndoo, havuti.

"Tinaai, nimewaza jambo," alisema. "Unalikumbuka shavu la Kaure?"

"Shavu gani?"

"Lililoungua. Ni la kulia. Yeye anakaa akitazama nyuma, si ndiyo?" Akineti akasimama, akageuza mgongo upande wa kaskazini, akanyoosha mkono kuelekea mashariki, jua linakotoka. "Haya, tazama. Kama mashua inakwenda kaskazini, yeye anatazama kusini. Jua la asubuhi linampiga huku. Kushoto! Hili la kulia lingeungua vipi?"

Tinaai alitazama ndani ya kisima.

"Nilimwambia baba," Akineti aliendelea. "Akanigombeza. Akasema, 'Mzee Nakibae hawezi kusema uongo juu ya mwanawe wa kumzaa. Mtoto wa kike unajua nini cha bahari?' Lakini wewe ni wa ukoo ule. Walikwenda kaskazini kweli?"

Hakukuwa na mtu mwingine pale. Neno moja tu lilitakiwa.

"Sijui," alisema Tinaai.

"Hujui kabisa?"

"Sijui, Akineti. Nitajuaje mimi?"

Akineti akamtazama kitambo, akavuta ndoo yake, akaenda. Hakugeuka nyuma. Tinaai alibaki na kamba mkononi, na alijichukia kama ambavyo hajawahi kumchukia mtu yeyote. Usiku ule na uliofuata alilala akiwa amejifunika shuka mpaka kichwani, mama yake akidhani ana homa.

Jumamosi mchana wazee waliitwa maneaba, ukumbi mkubwa wa kijiji, ambao paa lake linashuka chini hata mtu mzima huingia ameinama. Kila ukoo una mahali pake pa kuketi mle ndani tangu enzi za mababu, na wanaosema ni wazee tu. Wanawake na watoto walikaa nje, pembezoni mwa paa, wakisikiliza.

Baraniko alisimama, kofia mkononi.

"Wazee wangu, nimezungumza na Tarawa. Wametafuta kaskazini yote mpaka mbali, na magharibi yake ambako mkondo ungewasukuma. Hawakuona hata kipande cha ubao. Kesho ndege inarudi kwao. Meli nayo inageuza. Wanatupa pole."

Mwaerere alitoa sauti. Haikuwa kilio, ilikuwa kama mtu aliyepigwa tumboni. Akineti alikuwa amemshika mabega. Mzee Tiaon, baba yake Kaure, alitazama sakafu. Mzee Nakibae aliketi wima mahali pa ukoo wake, macho makavu. Alikuwa bado anangoja upepo.

Tinaai aliinama akapita chini ya paa, akaingia.

Mtoto haingii maneaba wakati wazee wanasema. Wazee waligeuka wote. Mmoja akasema kwa ukali, "We! Toka nje!" Tinaai akaenda mpaka katikati.

"Hawakwenda kaskazini," alisema.

"Tinaai!" babu yake alinguruma.

"Walikwenda Mkekani kwetu. Kusini-magharibi. Ukivuka mwamba, wimbi la mashariki likupige tako la kushoto." Kwa siku nyingine yoyote ukumbi ungelipuka kwa kicheko. Hakuna aliyecheka. "Likupige hapo mpaka minazi izame, na baada ya minazi kuzama uendelee hivyo hivyo mpaka jua lifike utosini. Kuna ndege weupe. Maji yamelala. Ndiko walikokwenda."

Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa hayafuti. Baraniko alimgeukia Mzee Nakibae. Watu wote walimgeukia. Mzee alijaribu kusimama, miguu ikakataa, akajishika kwenye nguzo na kusimama hivyo hivyo.

"Mtoto anasema kweli," alisema. "Aliyesema uongo ni mimi."

Kelele zikalipuka. Wengine walisimama na kumnyooshea vidole, na mmoja alikunja ngumi. Mzee Tiaon ndiye aliyewanyamazisha, naye ndiye aliyekuwa na haki ya kupiga kelele kuliko wote.

"Redio kwanza!" alisema. "Baraniko, kimbia! Ya kugombana yatatungoja."

Jumapili, badala ya kurudi kwao, ndege iliruka kwenda kusini-magharibi. Iliwaona siku hiyo hiyo, kabla ya ibada ya jioni. Siku moja tu ya kutafuta mahali panapostahili, na mashua ikaonekana.

Meli iliwafikisha Jumanne. Kijiji kizima kilikuwa ufukweni. Boti ndogo ya meli ilivuka mwamba ikiwa na mtu mmoja aliyeketi na mmoja aliyelala amefunikwa tanga. Kwa muda hatukujua ni nani ameketi. Alikuwa amekonda, ngozi imebabuka, midomo imepasuka. Kisha mama yake Tinaai akapiga yowe na kukimbilia majini, tukajua. Na kwa kujua hilo tukajua la pili, na Mwaerere akaanguka mchangani.

Teweia alibebwa mpaka nyumbani, akalazwa kwenye mkeka wa mkadi, akapewa maji ya dafu kwa kijiko. Alitaka kusema kabla ya kupumzika, akamwita Mzee Tiaon. Alisema polepole.

"Mashine ilikufa hapo hapo Mkekani. Tukatweka tanga, likachanika. Tukaanza kuchukuliwa na mkondo. Mvua ilitusaidia, samaki mbichi pia. Nilimwambia Kaure, geuka sasa, kaa utakavyo. Akaniuliza, 'Nitazame wapi, kaka?' Nikamwambia popote, hapa hakuna mbele wala nyuma. Alicheka sana. Alikuwa ananichekesha mimi, niliye mkubwa wake."

"Alikufa lini?" Tiaon aliuliza.

"Jumamosi alfajiri. Nilikuwa nikipiga fundo kwenye kamba kila kunapokucha, ili Jumapili isinipite. Alikuwa mzima mpaka Ijumaa, dhaifu lakini mzima. Mvua ilikatika, na usiku akanywa maji ya bahari nilipopitiwa na usingizi." Teweia akafumba macho. "Kila siku nilimwambia avumilie. Nilimwambia wanakuja. Nilimwambia hatuwezi kuachwa, kwa sababu kule nyumbani wapo watu wawili wanaojua hasa tulipo."

Teweia alifumbua macho, akawatazama watu, akamtazama baba yake, kisha binti yake. Hapo ndipo alipoelewa, nasi tukaona akielewa. Akageuza uso upande wa ukuta wa makuti.

Kaure alizikwa kando ya nyumba ya baba yake, juu yake ikamwagwa changarawe nyeupe. Baada ya mazishi Mzee Nakibae alibebwa na Teweia, ambaye mwenyewe alikuwa hajapata nguvu, wakaenda kwa Mzee Tiaon kuomba radhi kama desturi inavyotaka. Walikwenda na mama yake Tinaai na Tinaai mwenyewe. Walichukua mkeka mpya na magimbi, wakaketi chini kwenye udongo, nje ya mikeka ya wenyeji, vichwa vimeinama, wakingoja kuitwa.

Walingoja sana. Jua likawapiga.

"Tiaon," mzee alisema hatimaye, "nimekosa. Siwezi kukulipa. Lile eneo la baharini nililolificha, kuanzia leo si la ukoo wangu peke yake. Ni lenu."

"Sitaki bahari yako, Nakibae," Tiaon alijibu. "Nilikuwa na mtoto."

Mzee akainamisha kichwa zaidi. Ndani ya nyumba mtu alikuwa analia taratibu. Muda ukapita tena, kisha Tiaon akasogeza mkeka kwa mguu.

"Njooni mkae huku, mnaungua. Lakini msiniombe nicheke nanyi."

Hiyo ndiyo radhi waliyoipata, na ilikuwa nyingi kuliko walivyostahili.

Siku ile ile Akineti alimfuata Tinaai nyuma ya jiko. Alisimama mbali kidogo.

"Siku ile kisimani," alisema. "Ulikuwa unajua?"

Tinaai angeweza kusema hakuwa na uhakika. Angeweza kusema babu alimkataza, na isingekuwa uongo.

"Nilikuwa najua," alisema.

Akineti aliitikia kwa kichwa, akaenda zake. Shuleni akahamia dawati lingine.

Wazee wa kisiwa walikaa tena maneaba. Wakakubaliana kwamba kila mashua inayokwenda mbali na macho ya nchi imwambie Baraniko kweli iendako, naye aikalie kimya mpaka iwe lazima. Mtu asiyesema kweli, mashua yake isisukumwe na yeyote. Tangu hapo mchezo wetu wa zamani umekwisha. Wapo wanaousikitikia. Mimi simo.

Jioni moja Tinaai alikaa karibu na babu yake barazani. Mzee alikuwa hasokoti tena. Kamba ilikuwa imelala miguuni.

"Babu, ningesema Alhamisi ile Akineti aliponiuliza, Kaure angekuwa hai?"

Mwingine angemfariji. Angemwambia ni mipango ya Mungu. Mzee hakufanya hivyo.

"Nimekwisha kudanganya mara moja na unaona yaliyotokea," alisema. "Sitakudanganya wewe. Ungesema Alhamisi, ndege ingewaona Ijumaa. Ndiyo, mjukuu wangu. Huenda angekuwa hai."

Tinaai akaanza kulia.

"Sasa sikiliza na hili, maana nalo ni kweli. Mimi ningesema siku ile ya kwanza, ningerudishiwa wote wawili wakiwa wanakula na kucheka. Wewe ulichelewa siku mbili, mimi nilichelewa kabisa, na mimi ndiye mzee. Nilikufundisha kunyamaza. Sikukufundisha kwamba kuna mahali kunyamaza kunaishia. Siri ya samaki, itunze. Lakini siku maisha ya mtu yatakapoingia ndani ya siri hiyo, haiwi tena yako, ni ya yule mtu. Mpe. Hata kama anayekukataza ni babu yako. Hata kama ni mimi."

Alijaribu kuiokota kamba, akashindwa, Tinaai akamwokotea.

Miezi miwili baadaye, mtoto wa Mwaerere alikuwa amezaliwa, na Teweia aliweza tena kushika usukani. Mzee Tiaon alimwomba ampeleke akapaone mahali mwanawe alikokuwa akienda. Asubuhi hiyo watu walikuja ufukweni kusukuma mashua. Tiaon alipanda, akatafuta pa kukaa, akakaa akitazama nyuma, kama wanavyokaa watu wasio wa ukoo.

Teweia akamshika bega. "Hapana, baba. Geuka. Tazama mbele."

Mzee akageuka polepole.

"Wapi leo?" Baraniko aliuliza kutoka ufukweni, kwa sauti ya kazi.

"Kusini-magharibi," Teweia alijibu. "Mkekani."

Hakuna aliyecheka. Mashua ikavuka mwamba, ikashika njia. Tinaai alisimama majini akiitazama. Baada ya muda akahisi mtu amesimama karibu naye. Alikuwa Akineti, na kitoto cha Kaure mgongoni.

"Wimbi linawapiga wapi sasa?" Akineti aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu siku ile nyuma ya jiko.

"Nyuma, kushoto."

Akineti akageuka, akaupa mgongo upande mashua ilikokuwa inakwenda, akabaki hivyo akitazama kijiji, kama kaka yake alivyokuwa akitazama. Jua lilikuwa ndio linapanda. Akaligusa shavu lake la kulia, likiwa limeanza kupata joto.

"Siku ile kisimani nilikuwa nimesema kweli," akasema, akamrekebisha mtoto mgongoni, akapanda kwenda nyumbani.